Naomba ushauri: viua vya kofia vinanifumukia

Habari zenu ndugu zangu. Marehemu babu alituachia kofia ya viua, yaani vitundu vidogo vya mapambo, iliyodariziwa kwa mkono Unguja. Imechakaa sana, nami natamani kushona nyingine inayofanana nayo kabla ya Idi.

Nimeichunguza kwa karibu. Ni vitambaa viwili vyeupe vilivyobandikwa pamoja, na kila kitundu kimezungushiwa uzi ukabanwa hadi ukingo umetuna kama ushanga. Ndani sikuona fundo hata moja! Mikono ile ilikuwa na subira.

Mimi nilichora kwa penseli, nikatoboa kwa ncha ya mkasi, nikazungushia uzi wa pamba. Vilipendeza, lakini nilipokifua kitambaa tu, uzi ukafumuka na matundu yakapanuka. Nahisi mkasi unakata nyuzi za kitambaa badala ya kuzisukuma pembeni.

Je, nitoboe kwa sindano nene? Nipige kwanza bandi, yaani mishono myepesi, kuzunguka kitundu? Uzi mnatumia mmoja au miwili? Na kile kipande cha duara cha juu, mnakidarizi kabla ya kukiunga na ukanda wa pembeni, au baada?

Cherehani sitaki kabisa. Mafundi wa Zanzibar na Lamu, nawasubiri.