EBV (virusi vya Epstein-Barr) miezi minne, plazima (maji ya damu) karibu safi: tuendelee kutafuta?

Tabibu_K: Wakuu, kijana mwenye homa na tezi zilizovimba miezi minne, ini limekua, PCR ya EBV (kipimo cha wingi wa virusi) kwenye plazima iko chini. Tumwache?

Limfo: Hapana mkuu. Virusi vikijificha ndani ya seli T (aina ya chembe nyeupe za damu), plazima hudanganya; pimeni damu nzima. Biopsi (kipande cha tezi) ipakwe EBER (huonyesha seli zenye EBV) pamoja na CD3 (alama ya seli T) na CD20 (alama ya seli B), mjue seli zipi zimebeba virusi. EBER peke yake haiwaambii.

Uboho: Asaiklovia (dawa ya kuzuia virusi kuzaliana) msipoteze nayo muda, virusi vimelala. Rituximab (dawa ya kingamwili) hulenga CD20, na seli T kwa kawaida hazina. Feritini (protini ya kuhifadhi chuma) ikipita 500 ng/mL huku chembe sahani zikiporomoka, fikirieni HLH (kinga ya mwili kuwaka kupita kiasi) leo hii.

Tabibu_K: Kinachoponya?

Limfo: Upandikizaji wa seli shina, ugonjwa ukiwa umetulizwa kwanza.