Naomba ushauri: omega-3 na kinga ya mgonjwa wa baridi yabisi

Ndugu wanachama, salaam. Mama yangu ana baridi yabisi na anatumia methotrekseti, dawa inayotuliza kinga ya mwili. Ninavyoelewa, omega-3 za samaki, yaani asidi za mafuta ziitwazo EPA na DHA, huingia katika utando wa seli nyeupe za damu na kuchukua sehemu ya nafasi ya asidi ya arakidoniki, asidi nyingine ya mafuta ambayo ndiyo malighafi ya prostaglandini, kemikali za mwili zinazochochea uvimbe. Kinachonitatiza ni kipimo: majaribio kadhaa yalitumia takriban gramu 3 za EPA na DHA kwa jumla kwa siku, ilhali kidonge cha mama cha mafuta ya samaki cha miligramu 1000 kina EPA miligramu 180 na DHA miligramu 120 tu, maana yake vidonge 10 kila siku! Je, dagaa na vibua wanaweza kufidia pengo hilo, na je, kinga yake, ambayo dawa tayari inaituliza, haitadhoofika zaidi? Wafamasia na wataalamu wa lishe, naomba mnisaidie.