Mtoto damu iko chini: tumpe dawa ya kuongeza damu?

Kutoka: Mama Wawili, Leicester

Wanandugu, mbukwenyi! Mwezi wa saba tunarudi Dodoma kusalimia. Mdogo wetu wa mwaka na nusu amepimwa hapa, damu iko chini kidogo na chembe nyekundu ni ndogo. Bibi yake Chamwino anasisitiza aanzishiwe dawa ya kuongeza damu mara moja. Nimnunulie tu dukani?

Kutoka: Nesi wa Area C, Dodoma

Dada, subiri kwanza. Chembe zikiwa ndogo hivyo, mara nyingi ni upungufu wa madini chuma, hasa kwa mtoto anayeshinda na maziwa ya ng'ombe: yana chuma kidogo mno, na yanamshibisha hata mboga hataki. Yasizidi nusu lita kwa siku.

Ila watu wengi wa kwetu tumerithi thalasemia ya alfa, hitilafu ya chembe nyekundu, ile nyepesi isiyoumiza. Mwenye nayo damu husomeka chini kidogo maisha yake yote, na ukimjaza chuma hapati faida yoyote. Kwa hiyo waombe wapime feritini, inayoonyesha akiba ya chuma mwilini, tena siku ambayo mtoto hana homa, kwa sababu maambukizi huipandisha na upungufu ukajificha.

Feritini ikiwa chini, basi chuma anakihitaji kweli. Mpe kwa kipimo cha daktari, na usikatishe akichangamka. Akiba mwilini huchukua miezi kujaa. Choo kitakuwa cheusi, ni kawaida. Chupa ifungiwe kabatini, tafadhali sana: mtoto akiinywa yote anaweza kufa.

Huku mwombe bibi asimpe chai, maana inazuia chuma cha chakula. Ampe maji ya ubuyu akila ugali wa uwele na mboga; vitamini C yake inasaidia. Awe ubuyu wa unga. Zile mbegu za rangi zitamkaba.

Kutoka: Baba Mkubwa, Minneapolis

Shemeji, angalia pia kitabu chekundu cha kliniki cha mtoto. Uingereza huwapima watoto selimundu (sikoseli) kwa damu ya kisigino wakizaliwa. Akiwa AS, yaani amerithi selimundu kwa mzazi mmoja tu, si mgonjwa, ila nyie wazazi mkapime: mkiwa AS wote wawili, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto SS, yaani mwenye ugonjwa wenyewe.

Wangu ni SS na Dodoma tunakwenda naye. Baridi ya Julai usiku, na ule upepo, humwamshia maumivu, kwa hiyo sweta na soksi zinakaa kwenye begi la mkononi pamoja na hydroxyurea (dawa yake ya selimundu), dawa ya kuzuia malaria na barua ya daktari. Maji anakunywa njia nzima. Homa ikimpanda hatungoji asubuhi, tunampeleka hospitali. Hospitali ya Benjamin Mkapa hapo Dodoma siku hizi inapandikiza hadi uloto (ute wa ndani ya mifupa) kwa watoto wa selimundu, jambo linalonipa faraja kubwa.

Kutoka: Mama Wawili, Leicester

Asanteni sana. Nimeomba feritini, wanampima Alhamisi. Nesi, bibi nitampigia, lakini na wewe ukipita Chamwino mweleze; kwako atasikia.