Gari lenye malazi kutoka Yukon hadi Alaska: twende lini?

Swali: Ndugu wasafiri, tunapanga kupita Yukon, jimbo la kaskazini-magharibi mwa Kanada, hadi Alaska kwa gari lenye vitanda na jiko, tukitafuta mandhari na wanyamapori. Mwezi gani unafaa?

Jibu la 1: Mimi ningechagua mwanzo wa Septemba, kwa kuwa tundra (nyanda za baridi zisizo na miti) huwa imegeuka nyekundu, mbu wamepungua, na giza la usiku limerejea kiasi cha kuweza kuona mianga ya kaskazini, ile mianga ya rangi inayocheza angani usiku. Karibu na Mto Liard, kwenye Barabara Kuu ya Alaska upande wa Kanada, endesheni polepole, maana baisani (wanyama wakubwa wa mwituni wa jamii ya ng'ombe) hula majani kando kabisa ya lami.

Jibu la 2: Barabara ya Dempster, iendayo kaskazini kutoka Yukon, ni ya changarawe; someni kwanza mkataba wa kukodi gari kuona kama unaruhusu barabara ya aina hiyo.

Jibu la 3: Huko Denali, hifadhi ya taifa iliyoko Alaska, wakati wa kiangazi magari binafsi kwa kawaida huishia Mto Savage, takriban kilomita 24 kutoka mwanzo wa barabara ya hifadhi, kisha hupandwa basi la hifadhi. Nawasihi mfungie chakula ndani ya gari, kwani dubu aliyezoea chakula cha watu mara nyingi huuawa.