Mjadala: Anayepigwa nyumbani akimjia mchungaji, apatanishwe au alindwe kwanza?

Mleta mada:

Bwana asifiwe, wapendwa. Nina jambo limenikaa rohoni, tulijadili bila kufichana. Nimekuwa mzee wa kanisa miaka 11, mingi nikiwa kamati ya ndoa. Utaratibu wetu ulikuwa mmoja: mke akilalamika, tunamwita na mumewe, tunawaketisha, tunawasikiliza, tunaomba, wanashikana mikono, wanakwenda zao.

Siku moja alikuja mama amejitanda mtandio mpaka kidevuni. Wiki moja kabla alikuwa amemweleza mchungaji kila kitu akiwa peke yake. Sasa mume yuko ubavuni mwake, na mchungaji anamuuliza, "Mama, tatizo ni nini hasa?" Hakumtazama mchungaji. Aliutazama mkono wa mumewe uliokuwa juu ya meza, akasema, "Hakuna tatizo, mchungaji, ni mimi ninayezidisha maneno." Tukashukuru kwa upatanisho. Sala ya kufunga niliomba mimi. Siku ya tatu alilazwa, mkono umevunjwa sehemu mbili.

Tangu hapo msimamo wangu ni huu: penye kipigo au kulazimishwa tendo la ndoa, mchungaji hana kesi ya kusuluhisha, ana mtu wa kulinda. Amsikilize faragha. Amuulize kama usiku ule anapo mahali salama pa kulala. Amsindikize hospitali, na polisi kama mwenyewe anataka. Aliyoyasikia yasimfikie mume. Mume naye ahudumiwe, lakini mbali na mke, na asikae madhabahuni wala kwenye uongozi wowote wakati huo.

Najua mtanitolea Waefeso 5:22, ule wa wake kuwatii waume zao. Anzeni mstari wa 21 unaotaka wote wanyenyekeane, kisha msiishie njiani, fikeni wa 25 unaowaagiza waume wawapende wake zao. Halafu someni kisa cha Tamari, 2 Samweli 13. Amnoni alipombaka, Absalomu alimwambia dada yake anyamaze kwa kuwa mtu huyo ni ndugu yake. Mfalme Daudi, baba yao, alikasirika sana, na hatusomi kwamba alifanya lolote. Baada ya miaka miwili Absalomu akamuua Amnoni. Ule ukimya wa nyumbani kwa Daudi nimeuona vikaoni mwetu, nami nilikuwa mmoja wa walionyamaza.

Mchangiaji wa kwanza (mchungaji):

Mzee wangu, nakuheshimu, lakini hapa umetuonea. Malaki 2:16 inasema Mungu anachukia kuachana. Na washirika wakijua kwamba ofisini kwangu ndiyo njia ya kituo cha polisi, nani atakuja kunieleza siri yake? Nimeshuhudia ndoa zilizopona kwa maombi na mashauri, mume akatubu kwa machozi. Tena wapo waume wanaopigwa, nao wanaona aibu kusema. Hao umewaacha wapi?

Mchangiaji wa pili (muuguzi):

Baba mchungaji, niseme yanayotufikia sisi wodini. Aliyebakwa ana saa 72 za kuanza dawa za kuzuia maambukizi ya VVU, na kila saa inayopita inampunguzia nafasi. Za kuzuia mimba mwisho ni siku 5. Ukimwambia afunge siku tatu kwanza ndipo mzungumze, umeshamfungia mlango. Ikiwezekana asioge wala asifue nguo alizovaa mpaka apimwe. Mleteni kwanza, maombi tutaomba hapahapa.

Mleta mada:

Dada muuguzi, ubarikiwe, hilo la saa 72 sikulijua mpaka uzeeni.

Mchungaji, kuhusu waume umenirekebisha vyema, nao wasikilizwe vilevile. Kuhusu siri, mtu mzima aende polisi kwa hiari yake, hapo tuko pamoja. Mtoto anayenajisiwa sikubali abaki kuwa siri ya ofisi. Malaki nayo imalizie: mstari huohuo unamtaja anayelifunika vazi lake kwa udhalimu, yaani mtenda ukatili, na miaka yote 11 sikuwahi kusikia nusu hiyo ikisomwa kikaoni. Na kutengana si lazima kuwe talaka. Kanisa Katoliki, ambalo halikubali talaka, katika kanuni ya 1153 ya sheria zake linampa mwanandoa aliye hatarini haki ya kuondoka.

Machozi nayajua. Mume wa yule mama alilia mbele yetu, tena kwa sauti. Mimi sasa naangalia kama amelipa hospitali, kama amekubali kuishi nje ya nyumba bila kudai tarehe ya kurudi, kama anasema "nilimpiga" badala ya "shetani alitupitia".

Nikuulize jambo moja, mtumishi. Zile ndoa zilizopona, aliyekuambia zimepona ni mke akiwa peke yake, au ni wote wawili wakiwa wameketi mbele yako?