Tab S2, Redmi Note 4 na Tecno ya RAM 1GB: kipi kinafaa kuwekewa romu nyingine? (Arusha)

MdauSakina
Habari za jioni wakuu. Naombeni ushauri kabla sijaharibu vitu vya ofisi. Tuna vifaa vitatu vya zamani, kazi yetu ni kutembeza wageni. Nataka madereva wawe na ramani isiyohitaji mtandao wakiwa Tarangire na Ngorongoro, pamoja na vitabu vya ndege vya PDF. Basi.

1. Samsung Galaxy Tab S2 ya inchi 9.7, Android 7.0, haina sehemu ya laini. Chrome haisasishwi tena, na tovuti nyingine zinaleta onyo kwamba muunganisho si salama.
2. Xiaomi Redmi Note 4, RAM 3GB, Android 7.
3. Tecno ya Android Go, RAM 1GB. Hata kufungua meseji ni shughuli.

Fundi wa mjini anataka elfu 40 kwa kila kimoja "kupandisha Android". Nina laptopu ya Windows 10. Naweza kufanya mwenyewe? Na M-Pesa itakubali?

FundiKaloleni
Mkuu, "Tab S2 ya inchi 9.7" haitoshi. Kuna SM-T810 ya 2015 yenye chipu ya Exynos 5433, na SM-T813 ya 2016 yenye Snapdragon 652. Kwa sura ni mapacha, lakini romu (mfumo wa Android unaowekwa badala ya ule wa kiwandani) ya moja haiwaki kwenye nyingine. Usiamini maandishi ya mgongoni, vifaa vya mtumba hubadilishwa mifuniko. Zima tableti, bonyeza kwa pamoja kuwasha + Home + kupunguza sauti, kisha kuongeza sauti kukubali. Juu ya kioo utasoma "PRODUCT NAME". Hilo ndilo jina la kufuata. Kama ni T813, jina lake kwa watengeneza romu ni gts210vewifi, na romu iliyotulia ni LineageOS 18.1, yaani Android 11.

Kuhusu hilo onyo la tovuti, kwanza angalia tarehe. Saa ikirudi nyuma baada ya betri kuisha kabisa, kila tovuti italalamika. Kama tarehe iko sawa, tatizo ni cheti mzizi cha ISRG Root X1, kinachothibitisha tovuti nyingi: kiliingizwa kuanzia Android 7.1.1, na wewe uko 7.0. Chrome nayo iliacha Android 7 kuanzia toleo la 120. Ukitaka kupoza tu, weka Firefox, ina orodha yake ya vyeti. Lakini kwa kazi yako romu inalipa.

Utaratibu wa T813:

Nakili picha na mafaili yote kwenye kompyuta. Ondoa akaunti ya Google na ya Samsung kwenye mipangilio, la sivyo ukirudisha mfumo wa kiwandani siku moja utaombwa akaunti ya zamani. Gusa "Build number" mara 7, ingia kwenye chaguo za wasanidi, washa "OEM unlocking". Weka draiva za USB za Samsung kwenye laptopu. Rudi hali ya Download (ile ya vitufe vitatu hapo juu), fungua Odin (programu ya Windows ya kuandikia vifaa vya Samsung), weka faili la TWRP la gts210vewifi (lile la .tar; TWRP ni rikavari, programu ndogo ya kusakinishia romu) kwenye nafasi ya AP, bonyeza Start.

Ukishaingia TWRP: "Wipe", kisha "Format Data", andika yes. Hii si ile "Factory Reset" ya kutelezesha kidole. Data ya Samsung imefungwa kwa usimbaji, bila kuiformati TWRP itakuandikia "Failed to mount /data" na romu itazunguka kwenye nembo hadi asubuhi. Baada ya hapo futa System, Cache na Dalvik, hamisha zipu ya romu, sakinisha.

Ujue pia kwamba Knox (ulinzi wa Samsung) itasoma 0x1 milele, alama kwamba mfumo umeguswa. Secure Folder (folda ya siri ya Samsung) haitafanya kazi tena hata ukirudisha mfumo wa Samsung.

Rau_Moshi
Maelezo mazuri, ila Fundi umeruka jambo linalowakwamisha wengi. Kwenye Odin, upande wa "Options", toa tiki ya "Auto Reboot" kabla ya Start. Ikiandika PASS, zima kwa vitufe, na kioo kikizimika tu hamisha kidole kwenda kuongeza sauti + Home + kuwasha. Ukiiacha iwake kawaida, mfumo wa Samsung unarudisha rikavari yake na TWRP inafutika. Mtu anaflashi mara tano akidhani faili ni bovu.

Na kabla ya "Format Data", fanya "Backup" ndani ya TWRP: chagua Boot, System na EFS, ihifadhi kwenye kadi ya memori halafu inakili kwenye laptopu. EFS (sehemu yenye namba za utambulisho za kifaa) ni ndogo sana, lakini ikipotea hakuna wa kukupa nyingine.

KijengeJuu
Nyongeza: kagua betri kwanza. Kama kioo kimeanza kunyanyuka pembeni au mgongo una tumbo, betri imevimba, achana na romu mpaka ibadilishwe. Chaji ifike angalau asilimia 60. Laptopu itumie betri yake, usitumie kompyuta ya mezani isiyo na UPS. Umeme ukikatika Odin ikiwa katikati, una kazi nyingine.

Waya: nyingi za madukani ni za kuchaji tu. Kama kompyuta haionyeshi mafaili ya tableti, na Odin haitaiona.

MdauSakina
Shukrani sana. Nimeangalia, imeandika SM-T813. Je, ni lazima niweke huduma za Google? Na Redmi vipi?

FundiKaloleni
Google si lazima. LineageOS haiji nayo. Kwa ramani na PDF ningeiacha bila Google kabisa: weka F-Droid (duka la programu huria), humo kuna programu za ramani za OsmAnd na Organic Maps, tableti itakuwa nyepesi na betri itadumu.

Rau_Moshi
Hapo sikubaliani. Madereva watataka YouTube na Play Store, wasipoviona watapakua APK za ajabu kwenye vikundi vya WhatsApp. Bora uweke MindTheGapps (kifurushi cha programu za Google) ya Android 11. Chagua inayolingana na romu, arm au arm64, imeandikwa kwenye ukurasa wa romu. Iflashi baada tu ya romu, kabla ya kuwasha mara ya kwanza. Ukiwasha kwanza halafu ukaongeza Google, ruhusa zinachanganyikiwa na ule ujumbe wa kwamba programu imesimama hautakoma, itabidi uformati upya.

FundiKaloleni
Haya, kwa madereva wa kukabidhiana una hoja.

NjiroBlokC
Nachukua Redmi Note 4. Mtego ni uleule: kuna ya Snapdragon 625, jina lake mido, na ya MediaTek Helio X20, jina lake nikel. Zima simu, shika kupunguza sauti + kuwasha, unganisha na laptopu yenye zana ya fastboot, andika kwenye dirisha la amri:

fastboot getvar product

Ikijibu mido, romu ni tele. Ikijibu nikel, ningeacha, machaguo ni machache na mengi yana kasoro za kamera.

Kwa mido, butiloda (programu inayowasha simu, hufungwa kiwandani) inafunguliwa kwa ruhusa ya Xiaomi. Gusa toleo la MIUI (mfumo wa Xiaomi) mara 7, ingia chaguo za wasanidi, washa "OEM unlocking", kisha "Mi Unlock status". Hapo zima Wi-Fi, tumia bando la laini iliyo kwenye simu, ongeza akaunti ya Mi. Halafu tumia Mi Unlock kwenye Windows kwa akaunti ileile. Mara nyingi utaambiwa usubiri saa 168. Subiri kweli. Usiondoke kwenye akaunti, na usibonyeze tena kuongeza akaunti, hesabu inaanza upya. Siku ikifika kila kitu kwenye simu kitafutika.

Kisha:

fastboot flash recovery twrp.img

na bila kuiacha iwake, shika kuongeza sauti + kuwasha. MIUI nayo hurudisha rikavari yake, kama alivyosema Rau kwa Samsung. Fanya nakala ya EFS, "Format Data", romu, Google, washa. Mara ya kwanza inaweza kuchukua dakika 10, usiizime kwa haraka.

Kwa RAM 3GB usikimbilie toleo jipya kuliko yote. Romu ya Android 11 au 12 iliyotulia inashinda ya Android 14 inayofunga programu kila ukigeuka.

KiboriloniFundi
TWRP ikileta "Error 7" usifanye wanavyofundisha YouTube, kufungua zipu na kufuta mistari ya assert. Mistari ile ndiyo inayouliza "wewe ni mido kweli?" Kosa maana yake umeshika romu isiyo yako au TWRP ni ya zamani. "Error 70" ni nyingine: sehemu ya system imejaa, tafuta kifurushi kidogo cha Google.

M-Pesa: programu za pesa na benki huuliza Play Integrity (kipimo cha Google cha uhalali wa simu), na simu yenye butiloda iliyofunguliwa hufeli kipimo cha kifaa. Baadhi zitakataa, baadhi hazijali. Menyu ya *150*00# haina habari na romu, inapita kwenye mtandao wa simu, kwa hiyo kwenye Redmi itaendelea. Na kwa usalama benki isiwe humo: romu inasasisha Android, ila programu ndogo za chipu zilizotoka kiwandani zinabaki na umri wake.

Tahadhari ya mwisho kuhusu IMEI, namba ya utambulisho wa simu. Baada ya kuflashi piga *#06#. Ikitokea null, rudisha EFS kutoka kwenye nakala yako. Fundi akikwambia "nakuandikia nyingine", kataa. Kubadili IMEI ni kosa chini ya EPOCA (sheria ya mawasiliano) ya 2010, na namba za uongo TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilishaanza kuzizima tangu Juni 16, 2016. Ukitaka kuhakiki, tuma IMEI kwenda 15090.

MdauSakina
Nimeelewa. Tecno?

NjiroBlokC
Iache. Kwa RAM 1GB mara nyingi ni mfumo wa biti 32, utahitaji GSI (romu ya jumla, isiyo ya modeli moja) ya a64, na hata ikiwaka kuna uwezekano kamera au sauti ya simu igome. Hiyo elfu 40 usitoe. Badala yake washa "USB debugging" na uondoe mizigo ya kiwandani kwa adb (zana ya amri ya kwenye laptopu):

adb shell pm uninstall --user 0 jina.la.programu

Ukikosea, inarudi kwa:

adb shell cmd package install-existing jina.la.programu

Usiguse chochote chenye systemui, telephony au providers. Punguza miondoko ya kioo kuwa 0.5x. Itabaki simu ya kupiga na meseji, na hilo linaitosha.

MdauSakina
T813 imewaka, Android 11. Tatizo moja: OsmAnd inaonyesha ramani, lakini mahali nilipo haipati, nimekaa nayo ofisini nusu saa.

Rau_Moshi
Toka nje, mbali na bati. Tableti yako haina laini, kwa hiyo ikiwa nje ya Wi-Fi hailetewi taarifa za satelaiti kupitia mtandao, inazisubiri zishuke zenyewe angani. Kila satelaiti hurudia taarifa za njia yake kila sekunde 30, na ikikatizwa inaanza kusubiri tena. Orodha nzima ya satelaiti huchukua dakika 12 na nusu. Iweke juu ya dashibodi, gari likiwa limesimama, robo saa. Siku zinazofuata haitachukua muda huo. Asubuhi dereva aiwashe kabla ya kutoka mjini, asisubiri getini.

Ramani ziweke kwenye kadi ya memori, lakini mfumo ukikuuliza kuitumia kama hifadhi ya ndani, kataa. Ukikubali kadi inasimbwa, haitasomeka kwenye kifaa kingine, na siku ikichomolewa njiani programu zinapotea. Kama kuna PDF inayozidi 4GB, formati kadi kwa exFAT, FAT32 haiipokei.

MdauSakina
Imeshika, dakika 9. Redmi imejibu mido, nasubiri saa 168.

NjiroBlokC
Usiguse kitufe cha kuongeza akaunti.