Kinanda chumba hiki, sampla chumba kile: "tk" kila baada ya sekunde 53

KinandaChaUsiku

Wakuu, heshima kwenu. Naomba msaada wa mtu aliyewahi kuunganisha kompyuta mbili kwa ajili ya kurekodi muziki na akakaa nazo.

Nina laptopu isiyo na feni. Hiyo ndiyo yenye kadi ya sauti ya USB, maiki mbili na kinanda cha MIDI, na iko chumba cha kurekodia. Kompyuta ya mezani yenye RAM ya GB 64 nimeiweka chumba cha pili na mlango nimeufunga, maana feni zake zinaingia kwenye maiki. Ndiyo inayobeba sampla, yaani programu yenye sauti zilizorekodiwa za piano na vinanda vya nyuzi, ambayo laptopu haiiwezi. Zote mbili ni Linux. Nikibonyeza kinanda, MIDI (taarifa za noti, si sauti yenyewe) inatakiwa iende kule, sauti ya piano irudi huku, na shangazi yangu aisikie kwenye hedifoni papo hapo anaimba.

Nilianza na Wi-Fi, ikawa inakatika-katika. Nikavuta waya wa mtandao, mambo yakatulia. MIDI naipitisha kwa RTP-MIDI (njia ya kutuma MIDI kwenye mtandao), sauti kwa programu nyingine inayotuma sauti kwenye mtandao. Kompyuta ya mezani inatumia kadi ya sauti iliyomo ndani yake. Pande zote ni 48000 Hz, bafa (fungu la sauti linalochakatwa kwa mkupuo mmoja) ni fremu 128.

Tatizo ni mlio mdogo, "tk". Mwanzoni nilidhani unakuja ovyo. Jana nimekaa na saa mkononi dakika 10, nimeshikilia noti moja kwa pedali na kuirudia ikififia. Sekunde 53, tk. Sekunde 53 nyingine, tk. Ya tatu 54. Nikipiga noti moja au kumi, hakuna tofauti. CPU haifiki asilimia 20. Nimepandisha bafa hadi 256, tk ikawa inakuja kila baada ya dakika 1 na sekunde 46 hivi.

Shangazi ana miaka 71. Sauti yake inadumu karibu saa moja kabla haijachoka, na wimbo mrefu hauimbi mara mbili kwa namna ileile. Siwezi kumwambia arudie ubeti kwa sababu ya tk.

Mpiga_Besi

Pandisha bafa hadi 1024 mkuu, halafu zima kila kitu kinachoendeshwa nyuma. Mimi ilinisaidia.

FundiMawimbi

Mpiga_Besi, kwa bafa ya 1024 atabonyeza leo asikie kesho. Ni zaidi ya milisekunde 21 kwa kila bafa moja, na hapa sauti inapita kwenye bafa zaidi ya moja. Na tk haitaondoka, itakawia tu kuja.

KinandaChaUsiku, kukaa kwako na saa mkononi ndiko kulikotoa jibu. Kasoro ya CPU au ya mtandao huja bila mpangilio: tatu mfululizo, kisha kimya. Inayokuja kwa zamu kama kengele, na zamu yenyewe ikarefuka mara mbili ukiongeza bafa mara mbili, hiyo ni saa. Ndani ya kila kadi ya sauti kuna fuwele inayohesabu sampuli, yaani vipimo vidogo vya sauti. Kadi yako ya USB inasema 48000 kwa sekunde, ya ndani nayo inasema 48000, lakini fuwele mbili hazikubaliani kabisa hata siku moja. Gawanya mwenyewe: fremu 128 (fremu ni sampuli moja ya kila chaneli) kwa sekunde 53 ni karibu fremu 2.4 kwa sekunde. Kati ya 48000, hiyo ni tofauti ya 50 kwa milioni moja, jambo la kawaida kabisa baina ya kadi mbili. Upande mmoja unamimina haraka kidogo kuliko upande wa pili unavyochota. Baada ya sekunde 53 bafa nzima imefurika au imekauka, na programu inatupa kipande au inajaza kimya. Ndiyo hiyo tk. Kwa saa nzima mtakuwa mmepishana fremu kama 8640, sawa na milisekunde 180.

Kwa hiyo usitafute waya bora wala kompyuta yenye nguvu zaidi. Iondolee kompyuta ya mezani saa yake. Ibaki na kazi ya kupiga hesabu, na hesabu hiyo iifanye pale tu laptopu inapoidai.

Kwenye Linux kazi hii inafanywa na netJACK2, na imo ndani ya JACK2 yenyewe, mfumo unaopitisha sauti na MIDI kati ya programu. Kwenye laptopu washa JACK na kadi yako ya USB kama kawaida, kisha:

`jack_load netmanager`

Kwenye kompyuta ya mezani zima JACK inayotumia kadi ya ndani, halafu:

`jackd -d net -C 2 -P 2 -i 1 -o 1 -l 2`

Yaani chaneli 2 za sauti kuingia, 2 kutoka, porti 1 ya MIDI kuingia na 1 kutoka. Hapo hakuna kadi ya sauti kabisa. Kompyuta ya mezani inalala mpaka pakiti ya laptopu ifike, inaamka, inapiga fremu zake 128, inazirudisha, inalala tena. Kasi ya sampuli na ukubwa wa bafa inavipokea kutoka kwa laptopu, wala hutaviandika. Saa iko moja tu, hivyo hakuna wa kupishana naye.

Hiyo `-l` iangalie vizuri. Ni idadi ya mizunguko ambayo laptopu inakubali kuisubiri sauti irudi, na usipoiandika ni 5. Mizunguko 5 ya fremu 128 ni milisekunde 13.3, sawa na kukaa mita nne na nusu kutoka kwenye spika. Mpiga piano ataihisi. Mizunguko 2 ni milisekunde 5.3, kama mita 1.8, na wengi hawaitambui.

Na MIDI ihamishie hukohuko. RTP-MIDI haina ubaya wowote. Ila kwako sauti inapita njia moja na MIDI njia nyingine, kila moja na ucheleweshaji wake, na ule wa MIDI unayumba. Ndani ya JACK kila noti inabeba nafasi yake kwenye bafa: fremu ya 17, fremu ya 90. Inafika kule ikiwa na nafasi ileile, na mdundo unabaki kama vidole vilivyoupiga. Kinanda cha USB kinaonekana upande wa ALSA (mfumo wa sauti wa Linux yenyewe), kwa hiyo kwenye laptopu endesha `a2jmidid -e` ili kivuke kuingia JACK.

Wi-Fi isahau kwa kazi hii. Upana unatosha sana: chaneli moja ya biti 32 kwa 48000 Hz ni megabiti 1.5 tu kwa sekunde. Kinachohitajika ni pakiti kufika kila baada ya milisekunde 2.67 bila kukosa, na kwenye Wi-Fi kila kifaa kinangoja zamu yake ya kusema, kikigongana na kingine kinarudia.

SautiYaPili

Mimi nina Mac upande mmoja na Windows upande wa pili, netJACK niliiacha mapema. Natumia ReaStream, plagini ya Cockos, ambayo inapitisha sauti na MIDI pamoja kwenye mtandao wa ndani. MIDI peke yake, Mac inayo ndani yake tangu toleo la 10.4, na Windows unaweka rtpMIDI. Ukuta wa moto ukizuia, fungua UDP 5004 na 5005.

Ila niulize: kwa nini sauti ya piano irekodiwe moja kwa moja? Rekodi MIDI kwenye laptopu, shangazi asikie piano yoyote nyepesi ya hapohapo, kisha usiku uipeleke MIDI kwenye ile kompyuta kubwa itoe piano nzuri taratibu. Hakuna mtandao wala tk.

KinandaChaUsiku

SautiYaPili, asante. Nililijaribu hilo mwaka jana na kitaalamu lilifanya kazi vizuri. Lakini shangazi anaimba kwa kufuata mlio anaousikia. Piano nzito ikivuma anaivuta noti mpaka mvumo uishe ndipo anashika pumzi. Kwa ile nyepesi alikuwa anakata mapema, na nilipoweka piano nzuri baadaye, mapengo yalibaki mahali ambapo sauti yake ingekuwepo. Kwa hiyo lazima asikie ileile itakayobaki.

FundiMawimbi, nimefuata ulivyosema. JACK imewaka pande zote mbili bila kosa lolote, lakini laptopu haioni kitu. Kompyuta ya mezani inaendelea tu kungoja. Ping (ujumbe wa kujaribu mtandao) inakwenda na kurudi vizuri.

FundiMawimbi

Hoja yako ya pumzi naikubali kabisa. Sababu hiyo peke yake inatosha kuhangaikia mtandao.

Wi-Fi ya laptopu umeizima? netJACK2 wanatafutana kwa anwani ya multikasti (ya kuita mashine nyingi kwa pamoja), 225.3.19.154, porti ya UDP 19000. Ping inajua pa kupita kwa sababu umeitajia IP. Multikasti haijui, inafuata njia kuu ya mfumo, na njia kuu kwenye mashine inayopata intaneti kwa Wi-Fi ni hiyo Wi-Fi. Wenzako wanaitana, mmoja kwenye waya, mwingine hewani. Ielekeze kwenye waya, kwenye mashine zote mbili, ukiweka jina la kadi yako ya mtandao:

`sudo ip route add 225.3.19.154 dev enp3s0`

Kisha washa upya netmanager na ile jackd ya kule.

KinandaChaUsiku

Nilipobonyeza tu Enter, porti za kompyuta ya mezani zikatokea kwenye qjackctl, dirisha la kuunganishia porti za JACK. Nimeunganisha kinanda kwenda kule na piano kurudi. Kisha nikaziunganisha porti za kule moja kwa moja, inayoingia na inayotoka, nikapima ucheleweshaji wa kwenda na kurudi kwa jack_iodelay: fremu 256. Mizunguko miwili kamili, kama ulivyoandika.

Usiku nilishikilia noti na saa mkononi tena. Sekunde 53 ikapita. Dakika 10. Nikaiacha saa mbili inarekodi, asubuhi nikapitia wimbi lote kwenye skrini nimelikuza. Hakuna mkato hata mmoja. Leo shangazi ameimba dakika 47 mfululizo. Alivua hedifoni mara moja tu, akauliza kama ile mashine ya chumba cha pili imewashwa.

Bado kitu kimoja: nikizima na kuwasha, ile njia ya multikasti inapotea na inabidi niiandike upya.

FundiMawimbi

Ndiyo, `ip route` haikumbuki. Kama unatumia NetworkManager (programu ya Linux ya kusimamia mitandao, si ile netmanager ya JACK), iandike ndani ya muunganisho wa waya:

`nmcli connection modify "jina la muunganisho" +ipv4.routes "225.3.19.154/32"`

Fanya hivyo pande zote mbili. Na siku ukitaka kompyuta ya mezani itumie spika zake yenyewe, saa zitakuwa mbili tena. Hapo tumia zita-njbridge: inapima tofauti ya saa na kuirekebisha sampuli kwa sampuli. Inapitisha sauti tu, MIDI utaitafutia njia nyingine.